Ngazi za Bi Riyama

"Ngazi hizi si mlima, Ubwa! Teremka!"

"Bado mara nane, Bi Riyama."

"Chokaa inanidondokea kwenye mchuzi! Watu wanapika humu, we unapiga mbio kama umepakwa pilipili!"

Ubwa akasimama ghorofa ya pili, gunia la mchele la kilo ishirini mgongoni, anahema kama jogoo aliyetoka kupigana. Sasa akafanyie wapi mazoezi? Unguja nzima tambarare kama sinia. Ngazi kali anazozijua ni za nyumba hii ya Kiponda, na wiki tatu tu zimebaki. Abdulwahid, rafiki yake aliyeko Moshi, kamtafutia kazi ya kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na kamwambia wazi: "Ukianguka siku ya kwanza, mi sikujui." Ubwa haanguki. Mtu kabeba magunia bandarini tangu ana miaka kumi na sita, mlima utamfanya nini? Mamake tu ndo hajui. Yuko Fumba, kaambiwa mwanawe anakwenda Dar kuuza nguo.

Bi Riyama, mwenye nyumba na shoga wa mamake Ubwa, miaka sitini na ushei, goti moja bovu, akatoka na mwiko mkononi.

"Tufanye hivi. Tupande pamoja mara tano. Nnakuuliza, unanijibu. Ukinyamaza tu, huji tena hapa."

Ubwa akacheka. "Na goti hilo?"

"Lako zima limekusaidia nini?"

Mara ya kwanza akamwacha mbali. Alipofika juu, sauti ikamfuata kutoka chini: "Umekula nini asubuhi?" Ubwa akafungua mdomo, ukatoka upepo.

"Ma... maha... maharage."

"Jibu hilo au kigugumizi? Nnakusamehe, hiyo ya bure. Sasa kaa nyuma yangu."

Akakaa nyuma. Bibi anakwenda mguu mmoja, pumzi. Mguu wa pili, pumzi. Ubwa roho inamuungua, anataka kupita, lakini ngazi nyembamba na Bi Riyama mpana. Akaulizwa bei ya pweza, akaulizwa harusi ya mtoto wa jirani Makungu ilikuwaje. Mara ya tatu akajikuta anajibu bila ya kuhema. Mara ya nne anatia na matani. Gunia lilelile, moyo umetulia. Kumbe mbio ndo zilizokuwa zikimuua! Akaiona theluji hiyo hapo, ya kunyoosha mkono tu.

Mara ya tano, kidato cha mwisho, Bi Riyama akageuka.

"Mamako kanipigia jana, kaniuliza Dar utalala wapi. Radhi aliyokupa ya Dar au ya mlima?"

Pumzi Ubwa anazo tele. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Umenyamaza."

"Nimenyamaza."

"Ngazi huna."

"Sawa. Lakini mlima nnakwenda. Nlimficha kwa sababu atalia."

"Na alie. Bora alie unamwona, kuliko akusikie kwa watu uko juu kule."

Ubwa akalitua gunia miguuni pa Bi Riyama.

"Niwekee. Nnakwenda Fumba kumwambia. Akinipa radhi, nirudishie ngazi zangu."

"Zako tangu lini? Akikupa, gunia liache, utanipandishia ndoo za maji."

"Atanipa," Ubwa akasema. Akageuka, akateremka mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili, pumzi, mpaka mlango wa njiani.