Mgonjwa Aliyelala Ubavu

Fundi cherehani alimkuta samaki mkubwa amelala ubavu chini ya tangi la kioo, juu ya changarawe, katikati ya majani, akashtuka hadi uzi ukamtoka mdomoni. Jana yake tu alikuwa akiogelea kama mwenye mtaa. Leo ngozi imemparara, mabaka mwili mzima kama ndizi iliyosahauliwa kabatini, jicho linatazama dari, mapezi hayana habari.

"Mungu wangu! Zawadi ya watu inanifia!"

"Nani anakufa?" sauti iliuliza kutoka kwenye kochi.

Kochi nalo lilikuwa na mgonjwa wake. Ni mdogo wake wa kiume, aliyekuja kumtembelea na kumletea huyo samaki ndani ya mfuko wa plastiki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ya tatu ilipofika, kabla jembe halijatajwa, mgongo ukamkaza, na tangu hapo hainuki ila kwa kushikwa mkono.

"Samaki uliyeniletea," fundi alisema.

"Masikini! Maumivu hayo nayajua. Dada, chai imebaki?"

Kilichomtoa fundi jasho hakikuwa huyo mkubwa peke yake. Mle tangini mlikuwa na samaki wake wadogo wenye mstari wa buluu, aliowalea tangu wakiwa kama vitone vya wino, akiwalisha kiini cha yai kilichopondwa, mguu mmoja ukiwa bado kwenye cherehani. Tangu bintiye aolewe, wao ndio waliokuwa wakisikiliza umbeya wake wa wateja, na hawakuwahi kuutoa nje. Ugonjwa ukienea, ukoo mzima kwisha.

Akaanza uuguzi. Akapunguza taa, akabadilisha maji kidogo kidogo, akaongeza joto la hita, akaokota majani yaliyooza kwa kibanio. Mgonjwa kimya. Lakini kila alipotia wavu ili amhamishie kwenye ndoo, mgonjwa alifyatuka kama risasi, akalizunguka tangi lote na kurusha maji mpaka kwenye suruali za wateja. Wavu ukitoka tu, anajilaza tena taratibu, kama mtu anayetafuta upande wa mto wenye ubaridi.

"Hiyo ni homa ya vipindi," mdogo mtu alifafanua kutoka kochini. "Hata mimi inanishika hivyo hivyo."

Hofu haikuishia hapo. Wale wadogo walianza kupungua. Kila kukicha kundi limepwaya. Fundi alipekua majani, akainua gogo, akachungulia nyuma ya kichujio, akapiga magoti kutazama chini ya meza, labda wameruka. Hakuna maiti, hakuna hata mwiba.

"Wamejificha kwa huzuni, Dada. Mwenzao anaumwa."

"Huzuni gani ya kumeza watu wazima wazima?"

Mpaka wakabaki wawili tu: dume, na jike aliyejaa mayai tumboni. Fundi alimpigia muuza samaki wa sokoni, akaweka simu juu ya meza na kuiongezea sauti, kwa kuwa mikono yake ilikuwa majini.

"Nimtilie chumvi?"

"Usithubutu, mama, majani yako yataungua! Kwanza niambie, huyo mgonjwa yukoje?"

"Ana mabaka kila mahali. Kutwa kulala ubavu. Ukimgusa, anakimbia kama hana kitu."

"Na wale wadogo wako, wamo naye humo humo?"

"Wanakuja kumdonoadonoa. Wanamjulia hali."

Muuza samaki akakohoa.

"Mama, huyo haumwi. Huyo yuko kazini."

"Kazini?"

"Anajifanya mzoga. Wakija kuonja, wanaonjwa wao."

Fundi akageuza shingo. Jike alikuwa anakaribia, tumbo mbele, pua karibu na shavu la mgonjwa. Akaona lile jicho la maiti likizunguka taratibu. Akaona mdomo ukifunguka.

"Uwiii! Mwacheee!"

Asiyetaka kuamini asiamini. Mdogo mtu aliruka kutoka kochini, akapita juu ya meza ya kukatia nguo bila kugusa mkasi, akatua kwa miguu miwili na kuzamisha mkono mpaka kwapani. Mkia wa jike tu ndio uliokuwa nje. Akamkaba mgonjwa shingo. Samaki hana shingo, lakini siku hiyo ilipatikana. Mgonjwa akatema. Jike akachomoka na pengo mkiani, akajichimbia kwenye majani.

Maji yalidondoka kutoka kwenye kiwiko, to, to, to.

"Haloo? Mama? Mko salama?" muuza samaki aliita simuni.

Fundi hakujua ashangae lipi. Alimtazama samaki, akamtazama nduguye, amesimama wima kama nguzo ya umeme.

"Mgongo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mdogo mtu aligeuka kujitazama nyuma, kama aliyeulizwa habari za mtu mwingine.

"Dada... Naona mgongo umepona."

"Shika ndoo. Mrudishe ulikomtoa."

"Ngazi zote zile?"

"Meza umeiruka, ngazi zikushinde?"

Mdogo mtu akatoka na samaki ndooni. Kabla hajafika ngazi ya kwanza, sauti yake ikarudi mlangoni.

"Dada, njoo uone! Amelala tena ubavu. Safari hii naona anaumwa kweli."

Fundi hakugeuka. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, akitazama majani. Pua ndogo ilichungulia. Kisha mstari wa buluu. Kisha mkia wenye pengo, na dume nyuma yake.

"Nenda naye hivyo hivyo, mdogo wangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ukirudi, chai utaikuta. Na jembe pia utalikuta."