Ombi la Rozalia

Tangu aolewe katika kijiji cha Kasokola, Rozalia alikuwa akikaa benchi za nyuma kigangoni, karibu na mlango, pamoja na wanawake wenye watoto wanaolia. Kwa hiyo Jumapili moja ya mwaka tisini na sita, Mama Hilaria alipomshika mkono baada ya ibada na kumwambia, "Karibu kwangu Alhamisi, tunasali rozari," alirudi nyumbani akiimba.

Hilaria alikuwa mke wa mwalimu mstaafu, na wanawake waliokusanyika kwake ndio waliokaa benchi la mbele. Wakimaliza rozari waliletewa chai na karanga, kisha kila mmoja alitoa ombi. Utamu ulikuwa hapo.

"Tumwombee binti wa jirani yangu," Natalia alisema huku amefumba macho. "Tumbo linakua, na mwanaume mwenyewe hajulikani."

Wote walihuzunika, na wote walitaka kusikia zaidi. Rozalia alisali kwa moyo kweli, lakini alianza kutoka pale akijua mambo ya nyumba za watu, na kujua huko kulimpa ukubwa ambao hakuwahi kuwa nao. Mumewe, Maximilian, aliliona hilo mapema.

"Siku hizi ukitoka kwa Hilaria unatuangalia kama unatafuta chawa kwenye nguo zetu," alimwambia.

"Nyie hampendi tu mtu asali," Rozalia alijibu.

Kijana wao, Fabiani, alikuwa amemwoa Épiphanie, binti wa Kirundi aliyezaliwa na kukulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba. Walipooana watu walisema Rozalia hataelewana na mkwe wa kikimbizi. Wakaelewana kuliko mama na binti. Walilima pamoja, na maharage ya mawese aliyopika Épiphanie yalikuwa yamemfanya Maximilian asitake mboga nyingine. Tatizo lilikuwa moja: mimba za Épiphanie zilikuwa zinatoka.

Siku moja wakipukuchua mahindi, Épiphanie aliinamisha kichwa akasema, "Mama, nilikwenda Magamba kwa bibi mmoja wa dawa. Amenipa mizizi ya kunywa, na uzi wa kufunga kiunoni. Fabiani hajui. Usimwambie mtu, mama."

"Nianzie wapi kusema, mwanangu?" alisema Rozalia, na wakati huo alimaanisha.

Alhamisi iliyofuata Hilaria alimgeukia. "Rozalia, kila siku unaombea watu wa wenzako. Wewe nyumbani kwako hakuna shida?"

Wote walimtazama. Angeweza kusema mahindi yameliwa na ngedere, na ingekuwa kweli.

"Nina mkwe wangu," alisema.

Natalia alimshika mkono. Hakuna aliyewahi kumsikiliza Rozalia namna ile. Alipanga kusema tu kwamba mimba zinatoka, lakini kimya chao kilimvuta, na alipokuja kunyamaza alikuwa ameshasema Magamba, mizizi, na uzi wa kiunoni. Waliomba kwa machozi. Alitembea kwenda nyumbani akijisikia mwepesi, mpaka alipomkuta Épiphanie amemfunikia chakula chake kisipoe. Alikula bila kuinua macho.

Padri alipokuja kusoma misa, Épiphanie alijipanga kwenye mstari wa komunyo kama wengine. Katekista, Telesphor, akamsogelea akamshika bega.

"Dada, wewe kaa kwanza. Mambo ya waganga tutayaongea baadaye."

Hakupaza sauti, lakini waliokuwa karibu walisikia, na Fabiani alikuwa nyuma ya mkewe. Rozalia siku hizi alikuwa akikaa benchi la mbele. Miguu yake ilitaka kusimama. Hilaria alikuwa ameinamisha kichwa anasali, na Rozalia naye akainamisha chake.

Nyumbani Fabiani aliuliza, "Nani kapeleka maneno haya? Mimi mume ndio wa mwisho kujua?"

Épiphanie aligeuka. Alimtazama mama mkwe wake, kwa upole tu, akisubiri.

"Watu wa Magamba wana midomo," alisema Rozalia.

Maximilian alipanda baiskeli kwenda Magamba akagombana na rafiki yake wa ujana, mtoto wa yule bibi wa dawa, mpaka wakatukanana mbele ya watu. Siku chache baadaye Épiphanie alifunga nguo zake akarudi kwa wazazi wake Katumba. Fabiani alimfuata kwenda kumrudisha. Akabaki huko huko.

Rozalia alikwenda kwa Hilaria mchana.

"Nani alimwambia katekista?"

"Mimi," alisema Hilaria bila kuona haya. "Ulitaka tumwombee au tumfiche? Binti anapotea tunyamaze? Halafu mbona unaning'akia, Rozalia? Habari uliileta wewe."

Rozalia alitoka. Jambo lililomwaibisha zaidi baadaye ni kwamba Alhamisi alirudi tena. Aliogopa kwamba asipokuwepo, yeye ndiye atakayezungumzwa. Akazungumzwa akiwepo. "Leo tumwombee mwenzetu," alisema Hilaria, na mikono ikawekwa kichwani pake. Sauti tamu ya Natalia ikataja nyumba yake, kijana wake aliyehamia ukweni, mume asiyesalimiana na rafiki yake. Chini ya mikono ile Rozalia alihisi hana nguo. Aliiondoa mikono yao mmoja mmoja, akatoka.

Maximilian alikuwa uani anatengeneza jembe. Rozalia alimwambia yote akiwa amesimama. Mumewe aliweka jembe chini.

"Nimemtukana mtu wa watu kwa uongo wako," alisema. Kisha akaongeza, "Kesho nitakupakia kwenye baiskeli twende Katumba. Lakini maneno utasema wewe."

Annonciata, mama yake Épiphanie, aliwapokea kwa heshima akawapa viti. Épiphanie alitoka jikoni na maji ya kunawa, na Rozalia akaona tumbo lake limeanza kuonekana. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Ni mimi," alisema. "Nilisema kwenye maombi. Halafu nikawasingizia watu wa Magamba."

Fabiani aliinuka akatoka. Épiphanie aliweka birika chini.

"Nilijua, mama. Nilikuwa nimekwambia wewe peke yako."

"Mbona hukumwambia mume wako?"

"Wewe ni mama yake." Alimshika mikono akamwinua. "Nimekusamehe. Lakini Kasokola sirudi, na mambo yangu sitakwambia tena."

Walikula pamoja, wakasindikizwa mpaka njiani. Maximilian alipitia Magamba kuomba radhi. Jumapili, baada ya ibada, Rozalia alisimama mbele ya watu akasema yeye ndiye aliyetoa siri ya mkwe wake, na akataja uongo wake. Telesphor alikwenda mwenyewe Katumba kumwita Épiphanie arudi kwenye sakramenti. Hilaria aliacha kumsalimia Rozalia. Alhamisi ziliendelea bila yeye.

Mtoto alizaliwa masika, wa kike. Habari ziliwafikia kwa muuza dagaa, mtoto akiwa ameshafikisha wiki kadhaa. Rozalia alikwenda na kuku na kanga mpya. Alipewa mjukuu ampakate, akaletewa chai, akaulizwa habari za mvua na za shamba. Mtoto alikuwa mwepesi, na alikuwa anakohoa.

"Analala vizuri?" aliuliza Rozalia.

"Vizuri, mama," alijibu Épiphanie, akanyoosha mikono ampokee mtoto.

Rozalia alimrudisha. Alikuwa na maswali mengine mengi, na hakuuliza hata moja.