Namba ya Redio Iliyoungua

Msinisifu kwamba najua mitambo. Fundi gani anasahau namba?

Radi ya Alhamisi iliunguza redio ya kituo chetu cha kompyuta hapa Bulyaga, ile ya juu ya paa inayotuletea intaneti kutoka Dar. Jioni hiyohiyo nikafunga mpya, taa zikawaka, nikajiona mwamba. Kilibaki kitu kimoja: kuwatumia watu wa kampuni ya intaneti kule Dar namba ya redio mpya, iliyochapwa kiwandani. Wao wana jedwali linaloonyesha anwani yetu ya intaneti iko kwenye redio ipi. Usipowaambia, majibu yote wanayatuma kwa ile iliyokufa. Nikasema nitawatumia kesho, wakifungua ofisi.

Ijumaa nzima sikuigusa simu.

Jumamosi saa tatu asubuhi akaja Tupokigwe, kitenge cha msiba bado kiunoni, kufanya mtihani wa usaili wa kazi ya uuguzi. Mtihani unafunguka kwenye anwani ya kituo tu, ili watu wasiibie majumbani, na mwisho ni saa nne kamili. Baba yake ndiyo kwanza amezikwa, wadogo zake ni watano, na sasa wote wanamtazama yeye.

Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Nikapiga Dar mara saba. Aliyepokea mwishowe alikuwa mlinzi. Akaniambia, kwa upole ulionizidishia hasira, kwamba wahusika wanarudi Jumatatu. Nikajaribu intaneti ya simu yangu, mtihani ukatukataa. Nikaichukua redio iliyoungua, nikaipiga makofi kama mwendawazimu. Jamani, mzoga haupokei barua.

Saa nne ikapita. Tupokigwe hakulia. Aliniuliza taratibu kama kulikuwa na lolote ambalo lingeweza kufanywa mapema.

Nilitamani kudanganya.

"Ilikuwa kutuma namba moja tu, dada," nikasema. "Nikasahau. Jana nilikuwa kwenu, nachimba kaburi la mzee."

Akatazama viganja vyangu vilivyochubuliwa na mpini wa jembe. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mama alisema nikikuona nikushukuru, kaka Gidion. Wengine walikimbia mvua, wewe ukabaki mpaka baba akafunikwa."

Akatoka. Mimi nikabaki pale, sina pa kuiweka mikono.