Kopo la Jivu la Thani

Nna ulimi mkali, sikatai. Lakini mwaka ule wa sitini na saba, hapa Matrah, Omani, uliniponza kweli.

Mwanangu Thani, aliyebaki Arusha, alimpa msafiri kopo aniletee. Ndani mna jivu la mlima Lengai uliokuwa umelipuka, jeusi, laini kama mkaa uliotwangwa. Kaka yake, Suud, akanisomea barua iliyokuja nalo. Alipomaliza salamu akaanza mambo ya madini, nikamkatiza: "Basi, hayo ya kitabu utanisomea siku nyingine." Kopo nikaliweka wazi juu ya kabati, niwe naliona kila siku. Miaka mitatu sijamtia mwanangu machoni, na kitu chake nlichokuwa nacho ni hicho tu.

Baada ya wiki mbili nachungulia, lo, jivu jeupe! Nikamwita Hind, mke wa Suud, binti wa hapa hapa, hata miezi mitatu hajatimiza nyumbani kwangu. Msafi huyo, hapumziki na ufagio.

"Umemwaga jivu la mwanangu ukatia chumvi!"

"Wallahi sijaligusa, mama."

"Mwongo mkubwa we!"

Akaingia chumbani, akaanza kufunga nguo zake arudi kwa baba yake.

Suud kurudi kazini, mke analia, mama kanuna. Alipojua kisa, akaenda kuchukua ile barua, akaisoma yote mbele yetu:

"Mama, jivu la milima mingine aghalabu ni vumbi la kioo, lenye madini ya silika kwa wingi. Hili lina magadi tele, yaani kaboneti ya sodiamu. Lifunike vizuri, maana likinyonya unyevu hugeuka jeupe. Likamulie ndimu uone litakavyotoa povu."

Unyevu! Na Matrah hii ukuta wenyewe unatoka jasho.

Hind akaingia jikoni, akatoka na ndimu na visahani viwili, kimoja kina chumvi, kimoja akatia jivu. "Tuanze na chumvi," akasema. Akakamua, chumvi ikatulia tu. Akakamulia jivu: shwaaa! Povu likafurika mpaka mezani. Suud akacheka, na mimi nikacheka, kisha aibu ikanishika nikalia.

"Nisamehe mwanangu, nimekusingizia."

Akafuta povu mezani. "Nimekusamehe, mama. Lakini barua ijayo ya Thani isomwe mpaka kwenye sahihi yake, na mimi nikiwepo."

Nikamkabidhi kopo alifunike yeye. Kisha nikaingia chumbani kwao, nikafungua ule mzigo, nikazirudisha nguo zake kabatini kwa mikono yangu, moja moja.