Abiria wa Tisa

Mama Masharti alikuwa ameshalia mara tatu tangu asubuhi, zote kwa furaha, na poda ilikuwa imekata tamaa usoni mwake. Jina hilo alibandikwa kazini, maana alikuwa wakala wa bima za magari ya kukodi na hakuwahi kuruka hata nukta ya mkataba. Leo alikuwa anamwoza mwanawe wa pekee, aliyemlea peke yake, na jambo moja tu aliliota miaka nenda miaka rudi: kukaa kando ya binti yake kwenye gari la harusi.

Na gari lenyewe, jamani! Limuzini jeupe pe, refu hadi mkia wake ulikuwa bado mbele ya geti la jirani. Mama mkubwa aliingia wa kwanza, na kofia yake ikaingia baadaye. Wakafuata mama wadogo wanne, wapambe wawili, kisha bibi harusi na shela lake. Mama Masharti alikwishainua mguu, ndipo mazoea ya kazi yalipomponza. Akahesabu vichwa. Wanane. Akahesabu tena, wanane vilevile.

Mguu ukarudi chini.

"Dereva," akaita kwa sauti nyembamba, "bima yako ni ya abiria wangapi?"

Dereva, ambaye gari lilikuwa lake, akajikuna kisogo. "Wanane, mama. Si wewe mwenyewe uliyenishusha kutoka kumi, nilipokulilia kwamba ada ya mwaka imenielemea?"

Ni kweli, tena kwa kalamu yake mwenyewe. Na kiti cha ubavuni mwa binti yake kile pale, kitupu, kinamtazama.

"Hebu ingia!" mama mkubwa akafoka. "Ukumbini ni mitaa mitatu tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi, dada. Tukipata ajali tuko tisa, kampuni inaturuka wote."

"Basi ashuke mmoja!"

Weee! Mama mdogo wa kwanza akakumbuka goti lake, wa pili viatu vyake, wa tatu akalala usingizi papo hapo.

"Nendeni tu," Mama Masharti akasema, na safari hii machozi hayakuwa ya furaha. "Nitakuja na teksi."

Bibi harusi akachungulia nje. "Mama, bima inasemaje kuhusu waendao kwa miguu?"

"Haisemi kitu. Hao si abiria."

"Haya, nishikie shela."

Akashuka, akamkamata mama yake mkono, wakaanza kutembea katikati ya barabara. Watu wakatoka madukani kupiga makofi. Nyuma yao limuzini likatambaa taratibu, dereva akipiga honi kama kichaa, na mama mkubwa akitoa kofia dirishani na kupaza sauti kwamba sasa wamebaki saba, nafasi moja ipo, nani anaingia? Mama na binti hata hawakugeuka. Walikuwa wanakata kona ya pili, wameshikana viuno, wakicheka hadi mbavu zinawauma.