Saini Tatu za Magodoro

Kwa heshima na taadhima nakiri kwamba tangazo la magodoro niliandika mimi.

"Wanafunzi wote wapeleke magodoro uwanjani Jumamosi saa tatu asubuhi, yapimwe urefu. Kwa amri." Amri ya nani sikuandika, na hakuna aliyeuliza. Shuleni kwetu karatasi haibandikwi ubaoni bila saini tatu: ya kiranja wa bweni, ya mwalimu wa zamu na ya makamu wa mkuu wa shule. Kiranja ni rafiki yangu, tunamwita Askofu kwa sababu hata uji wa asubuhi huuombea mpaka unapoa. Alisaini bila kusoma kwa kuwa ananiamini. Mwalimu wa zamu alisaini kwa kuwa Askofu amesaini. Makamu naye alisaini kwa kuwa wawili wamesaini.

Jumamosi mvua ikanyesha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani hawakuwahi kubeba godoro lililolowa.

Jumatatu Askofu, mwenye saini ya kwanza, akapewa barua ya adhabu: wiki tatu nyumbani, kuanzia kesho yake jioni. Mitihani ya mwisho ingempita na mwaka wake ungekwenda na maji. Hakunitaja. Nami nikanyamaza, nikijiambia kuwa mambo yatapoa yenyewe.

Jumanne asubuhi mwalimu wa sosholojia akatuonyesha filamu. Kiwanda kinatengeneza dawa ya kikohozi. Mkemia anagundua imeharibika, anaandika barua. Barua inapita meza sita, kila meza inagonga mhuri wa "imeonekana", na dawa inaenda sokoni. Watoto wanaugua. Mwishoni anafungwa karani aliyebandika lebo kwenye chupa. Sisi tukapiga makofi, kwa mazoea tu.

"Mnampigia nani makofi?" mwalimu akauliza. "Haya, waiteni wale wazee wetu watatu wa nadharia. Nani ana kosa?"

"Mzee wa Matabaka anasema mwenye kiwanda," akajibu msichana wa dawati la mbele, tunayemwita Hakimu. "Karani anauza jasho lake tu, hana sauti."

"Mzee wa Urasimu?"

Nikanyoosha mkono, maana kunyamaza kungetia shaka. "Huyo anasema kila meza ilifuata utaratibu, mwalimu. Ukitafuta mtu, unakuta meza."

"Vizuri. Na Mzee wa Mshikamano?"

"Anasema jamii ikimwadhibu mmoja, waliobaki hushikana zaidi," akasema Hakimu. "Wanajiona wasafi." Kisha akakunja uso. "Lakini mwalimu, kwenye filamu hii kuna mtu aliyeharibu dawa kwa makusudi?"

"Hakuna."

"Na kama angekuwepo, angekuwa anacheka pembeni?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikatazama dari. Wazee watatu walikuwa wananivuta kila mmoja upande wake, na kila mmoja alikuwa na haki.

Kengele ilipolia nikaenda moja kwa moja kwa Makamu. Barua ya Askofu ilikuwa mezani kwake.

"Shikamoo, mwalimu. Lile tangazo niliandika mimi. Lilikuwa la uongo."

Makamu akavua miwani. "Haiwezekani."

"Niliandika kwa mkono wangu, mwalimu."

"Kijana, tangazo lile lina saini tatu. Moja ni yangu. Mimi sisaini uongo."

"Lakini hukulisoma, mwa..."

"Unasema sisomi ninachosaini?"

Hapo nikaona shimo nililojichimbia. Nikisema ndiyo, nimemtukana Makamu. Nikisema hapana, tangazo ni halali.

"Basi mwalimu," nikasema polepole, hata mimi sijui ninakoelekea, "kama tangazo ni halali, Askofu ana kosa gani? Si alisaini tangazo halali?"

Makamu akanitazama. Akaitazama barua. Akafungua droo, akaifunga. Hatimaye akaichana barua vipande vinne.

"Mvua haina adabu," akasema. "Nenda darasani."

Nikamkuta Askofu bwenini anakunja mashati yake.

"Fungua sanduku, ndugu yangu. Huendi popote."

"Wamenisamehe?"

"Hapana. Ili usamehewe unahitaji kosa, na wewe huna. Mimi pia sina. Hakuna mwenye kosa."

"Acha utani."

"Nimekiri, wamekataa. Makamu anasema tangazo lilikuwa la kweli."

Askofu akakaa kitandani, shati mkononi. "Lakini mimi nilisaini bila kusoma," akasema. "Na wewe ulijua sitasoma. Watoto wa kidato cha kwanza wanakohoa mpaka leo. Sasa mbona unanicheka?"

"Sikucheki."

"Jiangalie uso."

Nikajipapasa mashavu kwa vidole. Kweli sikuwa nacheka, ila sikujua uso ulikuwa unafanya nini.