Kompyuta Iliyotoka Jasho

Mzee Barafu alikuwa amefikia umri wa kukalishwa kivulini na kuulizwa kama amekula, na jambo hilo lilimkera kuliko magoti yake. Jina alipewa na wateja, enzi hizo akitengeneza majokofu ya mabucha, ya hoteli na ya chumba cha maiti, na mwenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Sasa aliishi kwa binti yake, chumba cha nyuma, yeye na mkoba wake wa vifaa. Mkoba ulikaa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na geji ya kupimia gesi, kikata bomba, tochi ya gesi ya kuchomelea, na spana zilizoizoea mikono yake kiasi kwamba mtu mwingine akizishika zinamponyoka.

Mkoba huo ulikuwa na kesi. Wakati fulani mzee alimtengenezea jirani friji pale barazani, akaiacha tochi inawaka, akaingia ndani kunywa maji. Alipotoka alikuta kiti cha plastiki kimelala sakafuni kama shuka. Hakuna aliyeumia, na friji ile inagandisha mpaka leo. Lakini kijana wake mkubwa alikuwa afisa wa bima, mtu ambaye akiingia sebuleni kwa watu husalimia nyaya kwanza. Alikipiga picha kile kiti pande zote, kisha akatoa hukumu: kikiharibika kitu kingine kwa mkono wa Baba, mkoba anauchukua. Aliyasema hayo kwa upole. Upole huo ndio uliomchoma mzee, maana ni ule ule kijana aliokuwa akiutumia kuwaambia watoto wake wasichezee kiberiti.

Binti naye, kwa kumhurumia, alimletea pasi mbovu aitengeneze. Mzee aliifungua akakuta haina ubovu wowote, ila waya mmoja uliochomolewa makusudi, tena na mtu asiyejua kuchomoa waya. Akaurudisha, akashukuru, na siku hiyo hakugusa chakula.

Kwa hiyo binti alipomjia na habari ya kompyuta, mzee alianza kwa kuipekua kama ina huruma ndani yake. Hakuiona. Binti alikuwa akichora majengo: watu wanamletea ramani, naye anawatolea picha ya jumba ambalo bado ni kichaka, lenye vioo, miti na wapita njia wasio na shida yoyote duniani. Kompyuta ya kazi hiyo hupata joto sana, na hii yake ilipozwa kwa maji yaliyozunguka kwenye mipira, yakipita juu ya moyo wa mashine na kwenda kupepewa na feni. Sasa ulikuwa msimu wa joto, na feni ilikuwa inayapepea maji kwa hewa ya moto. Mashine ilichemka, ikajizima, ikawashwa, ikajizima tena. Vya kupozea maji vilikuwepo madukani, kwa bei ya kumfanya mtu acheke peke yake njiani.

"Baba, nimekwama," alisema. "Kazi inatakiwa Jumamosi jioni, na nisipoipeleka huyu mteja simpati tena. Unaweza kunitengenezea kitu cha kupoza haya maji?"

Mzee alimtazama. Macho ya binti yalikuwa mekundu kwa kukesha, na hakuna mtu anayekesha ili kumfurahisha mzazi. Akajibu kwamba atatazama, kwa sauti ya fundi mwenye kazi nyingi. Kisha akaenda chumbani, akaketi kitandani, akautabasamia ukuta kwa muda.

Stoo kulikuwa na kiyoyozi cha dirishani ambacho bati lake lilishaliwa na kutu, ila kompresa yake, ile pampu ya kusukuma gesi, ilikuwa nzima na gesi yake haijavuja. Mzee akalivua lile bati. Upande wa mbele ndiko kulikuwa na koili ya baridi, imeshikwa na mabomba membamba ya shaba ambayo ukiyapinda kwa pupa yanapasuka, gesi inakwenda zake na kazi imeishia hapo. Aliyapinda taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani, mpaka koili ikashuka na kuingia katika kasha la plastiki la kuwekea vinywaji. Akajaza maji, akatia na dawa ya rejeta yasipate kuganda. Akaweka pampu ndogo ya tangi la samaki, akavuta mipira miwili mpaka kwenye kompyuta. Kitu kilichopatikana hakikuwa kizuri kwa kutazama. Binti alikizunguka, akauliza kama kitakaa hivyo hivyo, akaambiwa kitakaa hivyo hivyo.

Binti alikuwa ameagiza jambo moja tu: isiwe baridi sana, kiasi tu inatosha. Mzee aliitikia. Lakini neno hilo alilipokea kama la mgeni anayesema asiongezewe, la adabu tu. Maisha yake yote watu walimlipa kwa ajili ya baridi, na hakuna mwenye bucha aliyewahi kumfuata nyumbani kulalamika kwamba nyama inaganda mno. Sasa kile kiyoyozi kilikuwa na kidhibiti chake, cha kuizima kompresa baridi ikitosha. Mzee alikiona kama kibarua anayeaga kabla ya saa ya kutoka. Akakiruka kwa waya, kompresa ikawa haina ruhusa ya kupumzika.

Jumamosi asubuhi wakawasha. Kompyuta ilikimbia kama haijawahi kukutana na joto. Binti alitazama kipimo, akacheka, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akaenda jikoni kuchemsha chai. Mzee alibaki mlangoni, mikono nyuma, akiusikiliza mngurumo wa kompresa. Alikuwa na furaha kamili, ya mtu aliyehitajika kweli.

Furaha haikudumu hata chai kuchemka. Ndani ya mashine kulisikika mlio mkavu, kioo kikawa cheusi, na harufu ya kuungua ikatoka taratibu bila haraka. Mzee alichomoa plagi zote, akafungua ubavu wa mashine. Kulikuwa na matone kila mahali. Kwanza akaituhumu mipira. Akakagua kila kiungo kwa kidole, akakuta vyote vimekaza sawasawa. Ndipo akaushika mpira wenyewe, ukamuuma kwa baridi, akaelewa.

Hakuna kilichovuja. Yale yalikuwa maji ya hewani, yale yanayotoka kwenye gilasi ya maji baridi na kulowanisha meza. Tena si kwamba hakuyajua. Tangu ujana alikuwa akiyavisha mabomba ya majokofu sponji nyeusi ili yasitoke jasho, na wanafunzi wake aliwagombeza kwa kusahau. Akaona aibu, aibu mbaya, ya mtu aliyeanguka kwenye ngazi za nyumbani kwake.

Walikuwa wameitandaza mashine kitandani, binti akiipuliza kwa kifaa cha kukaushia nywele, pale kijana mkubwa alipoingia kwa matembezi yake ya Jumamosi. Alisalimia. Akaziangalia nyaya, akaliangalia kasha, akaiangalia kompresa isiyo na nguo. Akavuta pumzi ya puani.

"Kimeungua nini?" aliuliza.

"Ni mimi," binti aliwahi. "Baba alikiweka sawasawa. Mimi ndiye niliyechezea kidhibiti, nikaongeza baridi."

Uso wa kaka ukalegea. Alimgeukia baba yake na ule upole wake, akamwambia basi asijali, mambo kama haya hutokea, kwa nini asiende akapumzike kidogo barazani. Mkoba haukutajwa. Kilichobaki ni mzee kuinuka tu, aende zake kivulini, na spana zake zingebaki chini ya kitanda mpaka afe.

Aliinuka kweli. Akafika mlangoni, akasimama.

"Dada yako anakudanganya," alisema. "Kidhibiti nilikiruka mimi, kwa waya, na nilikuwa na akili zangu timamu. Aliniambia isiwe baridi sana nikamdharau. Ni kosa la fundi. Mafundi hukosea. Usinifanye mtu asiyeweza hata kukosea."

Mzee aliingia chumbani kwake, akauvuta mkoba, akarudi nao, akauweka miguuni pa kijana wake. "Tulikubaliana," alisema. "Beba."

Kaka aliinama, akaushika mkono wa mkoba, akagundua kwamba ni mzito kuliko alivyokumbuka.

"Weka chini," binti alisema. Alikuwa ameirudisha plagi bila kumwambia mtu. Mashine ilikohoa, ikasita, kioo kikaleta mwanga. Aliinama akasoma, akasema kipande kimoja kimekufa, vilivyobaki vinapumua, itafanya kazi kwa kuchechemea. "Lakini bila baridi itajizima sasa hivi, na kazi inaondoka jioni. Baba, nimekasirika, sikufichi. Nilikwambia kiasi. Sasa nipe kiasi."

Tangu kiti kile kilale sakafuni hakuna mtu aliyemkasirikia mzee, naye alihisi kitu kifuani ambacho hakikuwa na tofauti kubwa na kushangiliwa.

"Ukiweka mkono kwenye maji," aliuliza, "uyasikieje?"

"Kama ya bomba, asubuhi. Yasipungue hapo."

Akapiga magoti, ambayo yalilalamika, akaufungua mkoba pale pale kaka alipokuwa bado ameushikilia. Aliutoa ule waya, akakirudisha kidhibiti kazini, akakichomeka kiyoyozi. Akatoa sponji mkobani, akaikata, akaanza kuuvisha mpira, lakini mpira ulikuwa na ukaidi, na mikono miwili haikutosha. Akatazama huku na huku. Binti alikuwa kwenye kioo, hana habari na mtu.

"Wewe," alimwambia afisa wa bima. "Chuchumaa. Shika hapa."

Kaka alitazama suruali yake, akachuchumaa, akashika. Kompresa iliponguruma karibu na sikio lake alishtuka, akauliza kama kuna hatari.

Baba yake akamwambia ipo, ashike vizuri.